Tuliporudi na Meli ya Papa Odile

Mama zangu wa kwaya, tangu nirudi kutoka Moba mmekuwa mkinishika mkono baada ya misa na kuniuliza: Mama Odile, kulitokea nini kule? Nimemjibu huyu kidogo na yule kidogo, na sasa habari zinanirudia zikiwa zimeota mikia. Yuko anayesema mume wangu alitaka kuzamisha meli. Yuko anayesema alikuwa amelewa, mtu ambaye hata divai ya harusi huigusa kwa midomo tu. Basi leo nawaandikia yote mara moja. Atakayetaka kubishana anikute nyumbani.

Kalemie mpaka Mpala

Ninyi mnamwita Komanda. Mimi namwita Papa Odile, kwa sababu ya binti yetu wa kwanza. Wengi wenu mmemjua akiwa mzee tayari, kwa hiyo nianze na yaliyotangulia, maana bila hayo safari yetu haina maana.

Alizaliwa hapahapa Kalemie, baba yake akipakua mizigo bandarini. Akaingia jeshi la majini akiwa kijana. Wakaona ana kichwa cha hesabu, wakampeleka Ulaya akasomee kuchora meli. Aliporudi alikuwa ofisa, nguo nyeupe, viatu vya kung'aa, na mimi nikaolewa na hizo nguo nyeupe, siwafichi. Akapangwa Matadi, halafu Kinshasa, mwisho wakamrudisha huku ziwani aongoze boti za doria ambazo nyingi hazikuwa na mafuta. Miaka yote hiyo alichora. Alichora juu ya meza yetu ya kulia, ndiyo maana wanangu walikua wakila kwenye mkeka. Plani zake zikienda Kinshasa hazikurudi, hata neno la asante halikurudi. Vita vikaja, vikapita, vikaja tena. Akastaafu akiwa ofisa wa majini ambaye hakuna meli yake hata moja iliyowahi kugusa maji.

Halafu akaja yule tajiri wa maharagi wa Moba, ambaye kila mtu anamwita Patron. Alitaka meli ya chuma ya kubeba mizigo na watu. Papa Odile akamchorea: meli pana, fupi ya kimo, mizigo chini kabisa, abiria ndani, juu paa tu. Nakumbuka siku aliyomaliza. Aliniita kutoka jikoni, akaniambia, "Mama, hii hata ukiilaza itaamka yenyewe." Wakaichomelea hapa kwetu ufukweni mpaka mwili ukakamilika, ikaelea, tukalia. Kisha Patron akaivuta mpaka Moba ikamalizwe kule. Akaipa jina la mama yake, Yuliana.

Kwa hiyo ujumbe ulipofika kwamba Yuliana itabarikiwa, na kwamba Komanda na mke wake wanakaribishwa, nyumba yetu ilijaa jua. Papa Odile akatoa kofia yake ya majini kwenye sanduku. Mimi nilikuwa na sababu yangu: Odile wetu anafundisha Kirungu, juu ya Moba, mume wake amekwenda Lubumbashi kutafuta maisha, naye alikuwa na mimba kubwa. Nikafunga vitenge, sabuni na sukari, tukapanda boti ya mbao iendayo kusini.

Boti ilijaa magodoro na chumvi kutoka Kigoma. Tulikaa juu ya magodoro kama machifu. Mama mmoja mwenye kikapu akatumegea samaki wa mikebuka waliokaushwa na ugali baridi wa bukari, akamwuliza mume wangu, "Papa, wewe ni wa jeshi?"

"Nilikuwa. Sasa naenda kuona meli yangu."

"Uko na meli?" Mama yule akamtazama viatu. "Basi kwa nini uko huku kwenye magodoro?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Alikuwa bado anaweza kucheka.

Kabla ya Mpala moteri ikakohoa, ikanyamaza. Wakapiga makasia mpaka ufukweni. Mwenye boti akasema kuna kipuri kinachotakiwa, na kwamba kitapatikana "sasa hivi," na kila mtu wa ziwa hili anajua "sasa hivi" ya mwenye boti ina urefu gani.

Tulivyokwama Mpala

Kule Mpala ile kofia ilituponza. Wavuvi walipoiona walidhani serikali hatimaye imemtuma mkubwa wa majini aje asikilize shida zao. Asubuhi nikaamka nikakuta watu wamepanga foleni mbele ya nyumba tuliyolala. Mmoja ameleta samaki kuhe mzima, mnene, akamweka miguuni pangu.

"Mama, mupikie mukubwa. Asikie vizuri."

Nikamwambia mume wangu, "Waambie wewe ni mstaafu."

Akaniambia, "Ngoja kwanza niwasikie."

Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye. Akakaa kutwa nzima akisikiliza: askari wa kituo cha ufukweni wanachukua nyavu, wanachukua petroli, wanarudisha wakilipwa. Walisema bila hasira, kama watu wanaoeleza mvua. Jioni akavaa kofia, akaenda kituoni. Nilimfuata kwa mbali. Askari wa mlangoni akasimama wima akampigia saluti nzuri sana, mpaka nikaona mgongo wa mume wangu unanyooka. Wakazungumza. Halafu askari akashusha mkono.

"Umeshastaafu, Papa?"

"Nimestaafu."

"Ah. Basi wewe ni raia. Raia hawaingii hapa."

Ikaisha hivyo. Kesho yake wavuvi wakarudi na nyuso za matumaini. Akawaambia mbele ya wote, "Sikuweza." Hawakumtukana. Walimtazama tu, kisha wakanitazama mimi, na mimi nikatazama chini, maana kuhe wao tulikuwa tumeshamla mpaka kichwa. Kipuri kilipopatikana nilikuwa wa kwanza kupanda boti.

Moba bandarini

Tulifika Moba siku yenyewe ya sherehe, tumechafuka, nguo zina harufu ya chumvi na petroli. Boti yetu ilikuwa inazunguka ncha ya mwamba ndipo tuingie bandarini, na Papa Odile alikuwa amesimama mbele kabisa, ameshika kamba, anatafuta meli yake kwa macho. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Nikaona uso wake unajifunga.

"Nini?" nikamwuliza.

"Wameweka ghorofa."

Nikatazama. Yuliana ilikuwa pale gatini, imepakwa rangi nyeupe na buluu, bendera kila mahali. Na juu ya lile paa ambalo lilitakiwa liwe paa tu, kulikuwa na chumba kizima cha chuma chenye madirisha, na juu ya chumba hicho turubai na viti vya plastiki na vipaza sauti vya muziki. Mimi niliona ni nzuri. Nakiri hivyo. Ilionekana kama meli kubwa.

"Uzito unakaa chini," akasema, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mambo yote ya meli ni hayo, Mama. Uzito unakaa chini."

Sherehe ilikwishaanza. Padri alikuwa amemaliza kunyunyiza maji. Patron akashika mikro, akashukuru wakubwa, akamshukuru fundi wa kuchomelea aliyetoka ng'ambo ya ziwa, akamwita "ingenieri wetu," watu wakapiga vigelegele. Kisha akatuona. Siwezi kusema ni mtu mbaya wa moyo. Alifurahi kweli.

"Na Papa Komanda huyu hapa! Yeye alitusaidia mwanzoni kuchora kidogo. Papa, sema neno!"

Kuchora kidogo. Nilifikiri hilo ndilo litakalomuuma. Halikumuuma hata kidogo. Alipanda akapokea mikro, akaiangalia meli, akasema, "Ghorofa hiyo iondolewe kabla meli haijabeba watu. Ikiinama na upepo haitarudi."

Nilisikia turubai likipigapiga. Patron akacheka, akachukua mikro taratibu mkononi mwake.

"Wazee wetu!" akasema. "Wanapenda vitu vibaki kama walivyoviacha. Lakini biashara inapanda juu, Papa, haishuki chini!"

Kila mtu akacheka, muziki ukawashwa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Ni wivu. Walimunyima nafasi." Na mimi, mama zangu, badala ya kugeuka nimjibu, nilitamani ardhi inimeze. Nilimkasirikia mume wangu. Nilimwambia palepale, "Ungeshindwa nini kungoja mkabaki wawili?"

Akajibu, "Wawili angenisikia?"

Alipoondoka kule alikwenda ofisini, biro ya bandari. Mkuu wa biro akamsikiliza mpaka mwisho, akamletea kiti, akampa maji. Akamwambia, "Komanda, sikatai. Lakini ruhusa imeshatolewa na watu walio juu yangu, na mimi niko na watoto." Nahodha wa Yuliana naye tulimkuta nje ya biro. Kumbe ni Benoît, ambaye zamani alikuwa matelo, baharia wa chini, kwa mume wangu, alikula kwangu mara ngapi sijui. Akasimama wima. Papa Odile akamwuliza swali moja.

"Benoît, ikiinama, inarudi?"

Benoît akatazama viatu vyake. "Inachelewa, Komanda."

"Na wewe unaiendesha?"

"Nisipoiendesha mimi, ataiendesha muntu asiyejua kwamba inachelewa."

Kirungu

Tulipanda Kirungu kwa pikipiki mbili. Mnaojua njia ile mnajua: ziwa linabaki chini kama shuka, na baridi inaanza kukuingia mikononi. Wenyeji wa kule wanavaa makoti mchana. Odile alitupikia maharagi mapya na viazi, maharagi yale ya mlimani yanayoiva yakawa kama siagi, na kwa mara ya kwanza katika safari nilishiba. Lakini niliona miguu yake. Ilikuwa imevimba mpaka viatu havikuingia. Alikuwa anasema anaona nyota machoni.

Dokta wa pale akampima, akatuita pembeni. Presha imepanda, akasema, na yeye hana vifaa. "Mupelekeni Kalemie. Musingoje wiki ipite."

Sasa sikilizeni tulivyozungukwa. Ruti, barabara ya kurudi Kalemie, mvua ilikuwa imekata daraja lake, pikipiki tu ndizo zilikuwa zinapita, na mwanamke wa hali ile ukimweka juu ya pikipiki siku mbili, tatu, umemuua. Boti ya mbao iliyotuleta moteri yake ilikuwa imefunguliwa vipande vipande juu ya mchanga, na nyingine zilikuwa zimekataa kutoka kwa sababu ya upepo wa msimu ule. Ilibaki Yuliana, safari yake ya kwanza na abiria.

Papa Odile akasema hapana.

Odile, ambaye ana kichwa cha baba yake, akasema, "Baba, meli uliichora wewe."

"Niliyoichora mimi siyo hii."

"Basi nibaki hapa nife kwa presha, au niende nife majini? Chagua wewe, maana mimi nachoka."

Baba yake akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama kwenye ukungu, mikono nyuma, kama ofisa anayekagua gwaride ambalo halipo. Mimi nikafunga vitu vya Odile. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitampandisha meli binti yangu, baba yake akitaka asitake. Miaka mingi ya ndoa, na siku ile nilichagua dhidi yake bila hata kumwuliza. Aliporudi ndani aliona vifurushi viko mlangoni.

"Nitakuja nanyi," akasema. "Odile atakaa kabini ya chini, katikati ya meli. Siyo juu. Mniahidi hilo."

Moba mpaka Kalemie, ndani ya Yuliana

Ilisemekana tungeondoka jioni. Tukaondoka asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, kwa sababu magunia ya maharagi yaliendelea kuja na Patron hakutaka hata moja libaki. Papa Odile alisimama kwenye daraja la kupandia akiwaambia wapagazi, "Chini, chini, pelekeni chini kabisa." Wakamtii kidogo, kisha karani wa Patron akaja akawaambia waweke popote ilipo nafasi. Magunia yakapanda ghorofani.

Na watu wakapanda pia. Ni nani angekaa chini? Chini kulikuwa na joto na harufu ya samaki ndagala. Juu kulikuwa na upepo, muziki, bia ya baridi. Kulikuwa na muhubiri mmoja na kundi lake wanaimba. Kulikuwa na mama muuza maandazi na beseni lake. Mimi na Odile tulikuwa chini, namlowesha kitambaa namweka kwenye paji la uso. Baba yake alikaa karibu na mlango, mkono umewekwa kwenye ukuta wa chuma kama dokta anayesikiliza kifua.

Mchana tulishapita Mpala. Upepo ukaanza kuja kutoka katikati ya ziwa, ukitupiga ubavuni. Mwanzoni ulikuwa ni mtikisiko tu, watu wa juu wakipiga kelele za furaha. Halafu meli ikainama. Mama zangu, nimepanda maboti tangu utoto wangu. Chombo kizuri kikiinama kinarudi upesi, kama mtu aliyejikwaa. Hii iliinama ikakaa. Ikakaa kama inafikiri. Sufuria na viatu vikatelemka vikajaa upande mmoja, Odile akanishika shingo, na ndipo ikarudi, taratibu.

Mume wangu alikuwa amekwisha kutoka. Nikamwacha Odile na mwanamke mwingine, nikamfuata mpaka ngazini, kwa hiyo nayasema niliyoyaona kwa macho yangu. Alipanda juu akapaza sauti ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu aache jeshi.

"Wote mushuke chini! Polepole, musikimbilie upande mmoja! Shukeni mukae katikati!"

Kijana mwenye miwani ya jua akamjibu, "Chini kuna joto, Papa."

Muhubiri akasema, "Ndugu, tusipande hofu. Aliyetuliza bahari yuko nasi."

"Yuko nasi," Papa Odile akamjibu. "Na ametupa miguu ya kushukia."

Hakuna aliyeshuka. Meli ikainama tena, zaidi. Beseni la maandazi likaruka likaanguka majini. Yule mama muuza maandazi akamtazama mume wangu usoni, akafunga kitenge kiunoni.

"Mimi nashuka," akasema. "Huyu muzee hatishi watu. Huyu anaogopa kweli."

Alipotangulia yeye, wanawake wengine wakamfuata, kisha wanaume wakiona aibu. Papa Odile akaanza kubeba magunia na kuyatupa majini, maharagi ya Patron, yeye mwenyewe na mgongo wake mbovu. Karani, ambaye alisafiri nasi, akapiga mayowe. Wawili watatu wakamsaidia. Kisha akaingia kwa Benoît kwenye usukani. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia.

"Elekeza pua kwenye upepo. Geuka, ondoka ubavuni."

"Komanda, huko ni katikati ya ziwa. Nchi kavu iko huku!"

"Ukielekea nchi kavu mawimbi yatatusukuma kwa nyuma mpaka yatulaze ubavu. Geuka, Benoît. Nitajibu mimi."

Benoît akageuza. Na watu walipoona milima inakwenda mbali, nchi kavu inakimbia, wakaingiwa na wazimu. Wakasema mzee huyu anatupeleka kuzimu. Yule kijana wa miwani akamshika mume wangu shati, akalipasua mpaka tumboni, akampiga kofi. Kofi, mbele yangu. Nilimrukia kijana yule nikamng'ata mkono, na ndiyo, mama mwenyekiti, habari hiyo ni ya kweli.

Lakini tulipokuwa tunang'atana meli ilikuwa imetulia. Ilipanda na kushuka, ilipanda na kushuka, watu wakatapika sana, lakini haikuinama tena vile. Tukakaa hivyo, pua kwenye upepo, tukisukumwa na mawimbi, mpaka upepo ukachoka wenyewe. Ndipo Benoît akageuza kaskazini. Papa Odile alikaa sakafuni karibu na Odile akiwa na shati wazi, anamshikia mguu uliovimba. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika binti yetu tayari.

Kalemie, gatini

Nilidhani tukifika watamshukuru. Mtanisamehe ujinga wangu.

Muhubiri alishuka wa kwanza akapiga magoti, akamshukuru Mungu, watu wakamzunguka. Hilo sina neno nalo, hata mimi nilimshukuru. Kisha mwakilishi wa Patron hapa Kalemie akapanda juu ya sanduku na simu sikioni. Patron alikuwa anasikiliza kule Moba.

"Muliona upepo ule!" akasema kwa sauti. "Boti zote zimejificha, lakini Yuliana imefika! Meli ya chuma! Na nahodha wetu Benoît, mumupigie mikono!"

Wakampigia. Benoît alisimama pale. Nilimtazama, nikangoja aseme neno moja tu. Akafungua mdomo, akaona karani wa Patron anamtazama, akafunga. Nimemlisha mtu yule nyumbani kwangu.

Na yule kijana wa miwani akaenda na karani kwa polisi wa bandari. Wakasema kuna mzee aliyezusha hofu, akamtisha nahodha, akatupa mali ya watu majini. Polisi wakaja. Mimi nilikuwa nimemshika Odile kwapani, namtafutia gari la lopitali. Papa Odile akatazama polisi, akatazama binti yake.

"Nenda naye," akaniambia. "Hawa nitawaeleza."

Nikaenda. Odile alipasuliwa jioni ile. Mtoto akatoka msichana, mdogo, mwenye hasira, na Odile akaishi. Dokta akasema tungechelewa kidogo tu tungewakosa wote wawili. Kwa hiyo Patron naye anaweza kusema meli yake ilimwokoa binti yangu, na kusema kweli amekwisha kusema. Babu wa mtoto hakuwepo. Alikuwa amekaa kwenye benchi ya polisi na shati lililopasuka, na alipoachiwa asubuhi alikuja kwa miguu mpaka lopitali. Alisimama mlangoni. Nikamwonyesha mtoto. Alimchukua, akamwangalia kwa muda mrefu, halafu akaniambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

"Mama, ningewaacha tukapinduka kidogo karibu na ufukwe, wangeiondoa ile ghorofa."

Nikamwambia asiseme hivyo tena.

Tangu hapo

Ninyi wenyewe mnasikia tangazo redioni: Yuliana, meli iliyoshinda dhoruba. Ghorofa iko palepale. Tena wameongeza viti. Papa Odile alikwenda biro ya hapa, akaenda kwa msimamizi wa majini, akarudi. Kila mahali walimpa kiti na maji, na kila mahali walimwambia neno lilelile: lakini, Papa, si ilifika?

Mtoto alipopata nguvu, Odile akaniambia anarudi Kirungu, shule imefunguliwa, anaweza kupoteza kazi. Nikamwambia angoje ruti. Akasema ruti itatengenezwa mwaka gani? Alikuwa amekwisha kununua tike. Nikalia. Nikamwambia, wewe uliona kwa macho yako. Akaniambia, na yeye analia, "Mama, si tulifika?"

Hata yeye.

Baba yake hakugombana. Aliuliza tu meli inaondoka saa ngapi, akafunga begi dogo.

Niliwasindikiza gatini. Kabla kamba hazijafunguliwa alikuwa amekwisha kupanda ghorofani, bila kofia, anapita kiti kwa kiti, anamgusa huyu bega, anamwinamia yule, anasema nao kwa sauti ya chini. Wengine walicheka. Wengine waligeuza uso. Mama mmoja akanyanyuka na kikapu chake, akashuka, na nyuma yake akashuka mwingine. Benoît alikuwa kwenye usukani. Hakumzuia, wala hakumsalimu.

Sikulala mpaka Odile aliponipigia simu. Akasema ziwa lilikuwa shwari, mtoto alilala njia nzima, wako Moba. Nikamwuliza kama baba yake amechoka, ampe maharagi, ampumzishe siku chache kule kwenye baridi.

"Baba hakupanda Kirungu," akasema. "Nimemwacha bandarini. Meli inapakia mizigo ya kurudi, na yeye yuko kule juu anawaambia watu washuke."